Tope la Katwe

Thembo alinichagulia mwenyewe mahali pa kuchota.
"Hapa," akasema, akinyoosha fimbo anayoiegemea,
"hapa ndipo chumvi iliponiuma."
Mguu wake ulikuwa umefungwa leso kuukuu ya mkewe
na harufu yake ilishindana na harufu ya ziwa,
ziwa linalonuka mayai viza
tangu babu zetu walipe kodi kwa magunia.

Nikatumbukiza kijiko. Tope jeusi, zito, lenye joto la mchana,
likatoka likilalamika
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Vichupa kumi na viwili. Niliandika kwa penseli,
maana chumvi hula wino:
Katwe, bwawa la Thembo, futi mbili, Machi.

Tulipopanda milima ya Rubirizi nilivipakata
kama mayai ya kuku anayetaga kwa kuringa.
Jirani yangu kitini akauliza ni dawa ya nini.
Nikasema: bado.

*

Mbarara, chumba cha nyuma, friji inayonguruma.
Ndani yake anaishi aliyetoka kidondani mwa Thembo.
Hatukumpa jina, tulimpa namba: arobaini na moja.
Nimemwekea dawa za kila duka,
ile ya rangi mbili ambayo mama zetu huifungua
na kunyunyiza unga wake juu ya jeraha,
ile ya sindano, ile ya bei ya mbuzi,
mwishowe ile ya bei ya ng'ombe mwenye mimba.
Akala. Akanenepa.
Akatambaa mpaka ukingoni mwa sahani
kama nyasi baada ya mvua ya kwanza.

Usugu huu haukudondoka kutoka mawinguni.
Tumeufuga. Vidonge viwili leo, homa ikishuka
vilivyobaki vinafungwa kwenye karatasi, vinamngoja mtoto.
Kuku wanavinywa kwenye maji yao.
Mimi pia, mwaka ule wa mtihani, nilikunywa nusu dozi
na nusu nikamuuzia mwenzangu wa bweni.

*

Kutoka kwenye tope niliotesha madoa mia mbili na sita.
Mengi hayakuwa na neno.
Mengine yalikufa usiku umeme ulipokatika
na mlinzi, Mzee Kabwiso, akashindwa kuwasha jenereta
kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nyumbani, nimelala.

Jumatano moja, doa la themanini na saba:
la kijivu, kavu, lenye harufu ya ardhi iliyoloweshwa.
Na kulizunguka, duara.
Duara tupu, jeupe kama kioo,
mahali ambapo arobaini na moja alifika akasimama,
akageuka nyuma.
Milimita kumi na tisa. Nikapima tena kwa rula nyingine,
kana kwamba rula ndiyo iliyonidanganya.

Nikampigia Thembo. Hilo lilikuwa kosa.

Mashine ya Kampala ilijibu baada ya wiki saba.
Dokta Rwakishaya aliisoma barua, akavua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaisoma tena.
Dawa hii inajulikana, wakasema.
Iligunduliwa kabla mama yako hajazaliwa,
ikawekwa kando, maana huua kijidudu
kisha huzigeukia figo.

Kumbe sikufungua mlango. Nilifukua kaburi
nikamsalimu maiti kwa furaha.

*

Mwezi wa Agosti walimkata mguu, juu ya goti.
Nilipompigia nilikuwa nimeandaa maneno,
nikayapoteza yote kwenye "haloo."
Alinyamaza. Nilisikia majembe yakigonga chumvi nyuma yake.
"Lakini kwenye sahani, lilimshinda?"
"Lilimshinda."
"Yapo mabwawa mengine upande wa pili. Njoo.
Na ukija, leta gambuti.
Mwanangu ndiye anayeingia majini sasa, na anaingia peku."

Leo niko tena njiani.
Vichupa kumi na viwili mapajani,
na kati ya miguu yangu, ndani ya mfuko wa nailoni,
gambuti jeusi, jipya, saizi nane.
Sina hakika kama litamtosha.